Fundi bodi anayekuja nyumbani: tathmini ya matengenezo ya IST yetu, Mtwara

Mwezi Juni, nikitoka Mikindani kurudi Mtwara mjini pamoja na watoto wawili na mama mkwe, pikapu iliyokuwa mbele yangu ilisimama ghafla kumkwepa mbuzi, nami nikaigonga kwa nyuma. Sote tulikuwa tumefunga mikanda na hakuna aliyeumia, lakini pembe ya mbele kushoto ya gari letu, Toyota IST, ilibonyea vibaya: bampa lilipasuka, taa ikavunjika, boneti ikakunjamana na rejeta ikatoboka. Kwa kuwa tulikuwa na bima ndogo, inayomfidia mtu wa tatu na si gari lako mwenyewe, pikapu ililipiwa na matengenezo ya IST yakabaki juu ya familia.

Gereji niliyoiuliza kwanza ilitaja shilingi 1,350,000 na ikataka gari likae huko wiki tatu. Fedha hiyo hatukuwa nayo. Jirani yetu hapa Chuno ndiye aliyenielekeza kwa fundi bodi ambaye hana gereji, bali hubeba vifaa vyake kwenye guta na kufanya kazi uani kwa mteja. Nilikubali kwa shaka, kwani nimekwisha kuona magari mengi yaliyopakwa rangi nzuri juu ya bati lililooza. Baada ya kazi kwisha, naona ni haki niandike kwa urefu alichofanya vizuri na alichokosea, maana huduma ya namna hii inahitajika sana huku kwetu na wengi hawajui waitazame vipi.

Siku ya kwanza hakugusa nyundo kabisa. Alifungua boneti kwa kulazimisha kufuli lake, akachomoa terminali hasi ya betri, kisha akakaa kwenye kigoda akisubiri. Nilipomuuliza anasubiri nini, alinijibu, “Mama, mfuko wa hewa wa usukani huhifadhi umeme kidogo hata betri ikichomolewa. Toyota wenyewe wanasema usubiri zaidi ya sekunde 90 kabla ya kugusa nyaya zake.” Jibu hilo liliniondolea nusu ya shaka niliyokuwa nayo.

Kisha akatoa futi na kupima kwa mshazari: kutoka tundu la boliti lililo karibu na shokapu ya kulia hadi ncha ya mhimili wa mbele kushoto, halafu kutoka shokapu ya kushoto hadi ncha ya mhimili wa kulia. Vipimo viwili hivyo vilipaswa kulingana, lakini vilipishana milimita 14. IST haina chesisi ya kujitegemea kama ile ya Land Cruiser. Bodi yenyewe ndiyo chesisi, na ile mihimili miwili ya mbele ndiyo inayoshika injini, bampa na, kwa njia ya bodi nzima, mkao wa magurudumu. Mhimili ukiachwa umepinda, boneti itafungwa kwa kupigwa ngumi, tairi zitalika upande mmoja, na siku gari likigonga tena halitabonyea kwa mpangilio uliokusudiwa kuwalinda walio ndani. Fundi alinishikisha ncha ya futi nikasoma mwenyewe, jambo ambalo hakuna gereji iliyowahi kunifanyia.

Kazi ya kuvuta ilichukua siku nzima na ndiyo iliyonivutia kuliko zote. Nyuma ya gari ilifungwa kwa mnyororo kwenye mnazi, na mbele winchi ya mkono ikafungwa kwenye mwembe wetu mkubwa, baada ya shina kuvikwa gunia ili gome lisichubuke. Alivuta kuelekea kinyume cha pigo, taratibu, na kila mnyororo ulipokaza alisimama akaugonga mhimili kwa nyundo ndogo juu ya kipande cha mti wa mninga, kwa kuwa bati lililovutwa bila kugongwa hurudi lilikotoka winchi inapolegezwa. Alivuta kupita kipimo kidogo, akalegeza, akapima, akavuta tena. Kijana aliyekuwa naye alipendekeza wapashe moto kwa gesi ili chuma kilainike haraka, naye akakataa katakata, akisema chuma cha mhimili kikichomwa hupoteza ugumu wake. Watoto nao nilikuwa nimewafungia ndani, kwa sababu mnyororo ukikatika huruka kwa nguvu za kuua, na nawasihi wazazi wote wafanye hivyo. Hadi jua linazama tofauti ilikuwa imebaki milimita 2, naye alikuwa ameniambia tangu mwanzo kwamba hatakubali inayozidi 3.

Spea hazikuwa na shida kubwa. Taa, bampa na rejeta za mtumba ziliagizwa Dar es Salaam, umbali wa kilomita zipatazo 560, zikafika kwa basi. Boneti tuliamua inyooshwe badala ya kununuliwa, na hapo tuliokoa fedha nyingi. Nilipenda kwamba fundi alikataa kutumia maji ya kisima chetu kwenye rejeta, kwa kuwa visima vingi vya pwani vina chumvi ambayo hula aluminiamu kutoka ndani. Alinituma kununua kulanti, maji maalumu ya kupoza injini, akaimimina injini ikiwa inanguruma na mfuniko ukiwa wazi, na hakuufunga hadi mapovu yalipokwisha na feni ikawaka yenyewe.

Kuhusu puti, ile lipu inayopakwa juu ya bati kusawazisha mabonde, nina la kusema zaidi, kwa sababu hapo ndipo wenye magari wanapodanganywa. Puti si kosa. Kila bodi iliyonyooshwa huihitaji. Kosa ni kuitumia kujaza shimo ambalo nyundo ingeliinua. Huyu alinyoosha boneti na madigadi kutoka upande wa ndani mpaka kiganja kilipopita bila kujikwaa, ndipo akapaka puti nyembamba na kuisugua kwa msasa namba 80, kisha 180, kisha 320. Jioni moja alipokwisha kuondoka nilichukua sumaku ya mlango wa friji, nikaifunga kwenye kitambaa laini na kuipitisha juu ya madigadi yote. Ilinata kila mahali, isipokuwa sehemu moja yenye upana wa sarafu ya shilingi 200, juu kidogo ya gurudumu, ambapo iliteleza, ishara kwamba puti ilikuwa nene na bati liko mbali chini yake. Asubuhi nilimwonyesha. Hakubisha wala hakukasirika. Alikwangua puti ile mbele yangu, akainua bati na kuanza upya. Bati lililobaki wazi hakuliacha lilale hivyo hata usiku mmoja, kwani kwa hewa ya chumvi tuliyo nayo kutu huanza kabla ya alfajiri. Praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia, ilipakwa siku ileile.

Rangi ya gari letu ni fedha yenye namba 1C0, ambayo husomwa kwenye kibati kilicho ndani ya boneti, mbele ya herufi C/TR. Rangi za fedha ni ngumu kuliko nyeupe, kwa sababu punje zake za metali hulala tofauti kulingana na nguvu ya upepo wa kompresa na wingi wa tina. Fundi alilisogeza gari mbali na mwembe, uliokuwa ukichanua na kuangusha vumbi la maua na wadudu, akamwagia uwanja maji, akapaka asubuhi baada ya umande kukauka na kabla ya kusi kushika kasi. Hakukomea kwenye madigadi: aliififisha rangi mpaka katikati ya mlango wa mbele ili jicho lisione mpaka. Mlangoni amefaulu kabisa.

Kwenye bampa hakufaulu, na hili nalisema wazi. Bampa ni plastiki na huhitaji praima yake maalumu ili rangi ishike. Hakuwa nayo, nami sikujua niulize, naye akapaka praima ya kawaida baada ya kusugua. Baada ya wiki saba rangi ilianza kubanduka pembeni, mahali ambapo gari huguswa na nyasi za njia ya kuingia nyumbani. Tena, jua la saa kumi likilipiga kwa ubavu, bampa linaonekana limekolea kuliko boneti. Kosa la pili ni muda: aliahidi siku 7 zikawa 11, na siku mbili kati ya hizo hakutokea wala hakupiga simu, wakati mama mkwe alikuwa na kliniki hospitali ya Ligula na ilinibidi kumpeleka kwa bajaji.

Yapo pia mambo ambayo uani kwa mtu hayawezekani, naye aliyasema kabla ya kuanza. Kupima mkao wa magurudumu kulifanyika mjini kwenye mashine, na kujaza gesi ya kiyoyozi kulifanywa na fundi mwingine. Umeme wa kompresa na mashine ya kuchomelea ulitoka kwenye LUKU yetu, mita ya umeme wa kulipia kabla, na uniti zilikwenda kwa kasi ambayo sikuitarajia, kwa hiyo atakayemwita aingize gharama hiyo kwenye hesabu mapema.

Ufundi ulikuwa shilingi 420,000, spea, rangi na vifaa 465,000, mkao wa magurudumu na gesi 80,000. Jumla 965,000 bila umeme. Nililipa ufundi kwa awamu tatu: theluthi baada ya mhimili kunyooka, theluthi baada ya praima, na iliyobaki baada ya kuendesha. Mpango huo ulikuwa wake, si wangu, nami naona ulimfanya kila mmoja wetu awe na sababu ya kuwa mwaminifu. Nampa nyota nne kati ya tano. Ya tano ameipoteza kwenye bampa na zile siku mbili za ukimya.

Mwezi Agosti tulikwenda Lindi na kurudi siku moja, gari likiwa limejaa, na usukani ulikaa katikati hata nilipoulegeza kidogo kwenye barabara iliyonyooka. Boneti inafungwa kwa kuachiwa tu. Fundi nilimpelekea picha ya bampa kwa simu. Amekubali kulirudia bila malipo, mimi nikitoa praima ya plastiki, ambayo imekwisha kufika kwa basi na ipo juu ya kabati ikimsubiri Jumamosi.