Gololi za manati ya kuamia shamba: zipi ununue, zipi uziache dukani

Mpunga wa bonde la Ruvu ukianza kutia maziwa, ndege kwelea hawangoji mwaliko. Nanasi za Kiwangwa zikianza kunukia, ngedere nao wanajua. Kila kimoja kina msimu wake, na kila msimu mwamiaji, yaani mfukuza ndege na wanyama, huingia shambani na debe, sauti yake na manati. Panda ya manati anaweza kukata mwenyewe mperani, lakini gololi anayoirusha hununuliwa, hutengenezwa au huokotwa tu, na hapo ndipo shabaha inapopotelea.

Wengi huchagua kwa uzito: gololi nzito ndiyo bora. Si kweli. Linalokupa shabaha ni gololi kufanana, ya kwanza na ya hamsini. Chukua manati inayorusha gololi ya gramu 4 kwa mwendo wa mita 40 kwa sekunde. Ikifika mita 20 nusu sekunde imepita, nayo imeshuka kama mita 1.2 chini ya mstari uliolenga. Sasa tia kokoto ya gramu 5 na uvute mpira vilevile: inakwenda polepole zaidi, na inatua sentimita 25 hadi 30 chini ya mwenzake. Mkono haukukosea, jiwe ndilo lililobadilika.

Jambo la pili kabla ya kununua: shabaha yenyewe ni debe, si mnyama. Ning'iniza madebe matupu kwenye miti mirefu katikati ya jaruba, yaani kitalu cha mpunga, mita 20 hivi kutoka kwenye kilindo unapokaa kuamia. Debe likilia, kundi zima la kwelea linaruka. Kwa ngedere, piga shina la mti au ardhi pembeni yake. Kuua mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya Tanzania ya 2009, na ngedere aliyejeruhiwa hukimbilia kichakani kufa taratibu, huku wenziwe wakirudi kesho.

Ya kwanza kwetu ni gololi ya udongo. Haikuachii chochote shambani: mvua mbili tatu na imerudi kuwa udongo. Ikigonga mti hupasuka badala ya kurudi usoni, na kwenye debe sauti yake inatosha kabisa. Ukiwa na mfinyanzi jirani, mwagize yeye, maana anao udongo uliokwisha chambuliwa. Ukitengeneza mwenyewe, chekecha, toa mawe na mizizi, kisha kanda mpaka ukikata donge kwa uzi usione tundu la hewa ndani. Udongo mweusi wa bondeni hunywea sana ukikauka, kwa hiyo changanya sehemu 3 za udongo na 1 ya mchanga laini.

Usivingirishe kwa kukisia. Fanya mche mrefu wenye unene wa milimita 15, uweke kando ya rula, ukate kila milimita 16, halafu ndipo uviringe viganjani. Kila kipande kitatoa gololi mbichi ya milimita 17 na nusu, na ikikauka itabaki kama 16, gramu 4 hivi. Lita moja ya udongo uliokandwa hutoa karibu gololi 350. Zianike kivulini siku tatu, ukizigeuza, ndipo uzitoe juani siku moja. Ukizianika juani moja kwa moja, ganda hunywea kabla ya kiini, nazo hupasuka mstari. Na usizichome tanurini, hata kama zitapendeza: iliyochomwa ni kigae, haiyeyuki tena.

Kasoro yake ni unyevu. Pwani hewa ina maji, na wakati wa masika gololi ya udongo iliyoachwa wazi hulainika na kumeguka ndani ya ngozi ya manati wakati wa kuvuta. Ndoo yenye mfuniko inamaliza tatizo hilo.

Ya pili ni gololi ya chuma ya kutoka kwenye beringi. Kwa kufanana hakuna inayoishinda, maana kiwandani hupimwa kwa sehemu ndogo mno za milimita. Fundi wa gereji anazo beringi mbovu tele. Soma namba ubavuni. Beringi 6204 ina gololi 8 za milimita 7.9, gramu 2 kila moja. 6206 ina gololi 9 za milimita 9.5, gramu 3 na nusu, na hiyo ndiyo saizi ya kutafuta. Usikubali kopo la mchanganyiko. 7.9 na 9.5 kwa macho zinafanana, lakini uzito wa moja unakaribia mara mbili ya nyingine. Beringi ipasuliwe na fundi, ikiwa imefungwa gunia, na yeye amevaa miwani, kwani pete yake ni chuma kigumu kinachoruka vipande.

Kwa nini basi haikushika nafasi ya kwanza? Kwa sababu inarudi. Ikigonga shina gumu au jiwe hukujia usoni. Tena ile inayopotea jarubani ikizolewa na mpunga mpaka mashine ya kukoboa, mwenye mashine atakutafuta. Itumie kwa mazoezi, ukitundika gunia kuukuu nyuma ya debe ili uziokote.

Gololi ya kioo, ile ya watoto, ni ya tatu. Inapatikana kila duka na ni rahisi kuichunguza. Shida ni kwamba saizi mbili hukaa pakiti moja: ya milimita 16 ina gramu 5.4, ya 14 ina gramu 3.6. Nenda dukani na kipande cha ubao ulichotoboa kwa keekee ya milimita 15. Inayopita weka kushoto, inayokwama weka kulia, na ununue upande mmoja tu. Yenye pengo au kiputo kikubwa cha hewa irudishe. Jarubani usiitumie hata kidogo. Ikipasuka juu ya jiwe inaacha vigae, na wapandaji wa msimu ujao wataingia peku.

Kokoto ni za bure, na thamani yake ndiyo hiyo. Ukikosa yote, chagua za mviringo kutoka mtoni na uzipitishe kwenye ubao wenye matundu mawili, la 15 na la 17, ubaki na zile zinazopita kubwa na kukwama dogo. Hata hivyo zitapinda njiani, maana upande mmoja hauko sawa na mwingine.

Ya mwisho ni risasi, yaani madini yenyewe: iliyoyeyushwa kutoka kwenye betri kuukuu, vyuma vya kusawazishia tairi au chubwi za mshipi. Tunajua inapendwa kwa nini. Gololi ya milimita 9.5 ya risasi ina gramu 5.1, na huyeyuka kwenye sufuria ya kawaida. Lakini vumbi na moshi wake ni sumu ya ubongo kwa watoto, na waamiaji wengi ni vijana wanaoweka gololi za akiba shavuni. Vipande vinavyobaki jarubani bata huvimeza kama changarawe, firigisi inavisaga, sumu inaingia damuni. Ni kwa ajili hiyo Marekani ilikataza marisawa (vidonge vya bunduki) ya risasi kwa uwindaji wa ndege wa majini nchi nzima tangu 1991. Na uzito huo hauuhitaji kwa debe la mita 20.

Ukishapata gololi, linganisha na mpira, maana viwili hivi huenda pamoja. Tyubu nyingi za tairi za siku hizi ni za mpira usiojirudi haraka. Kata mikanda ya upana wa sentimita 2, urefu wa 22, kwa wembe mpya. Mpira laini wa kufungia mkono wakati wa kuchoma sindano, unaouzwa maduka ya dawa, hujirudi upesi zaidi na unafaa gololi za gramu 3 hadi 4. Gololi ikiwa nyepesi mno kwa mpira, ngozi hukurudia na kukucharaza kifundo cha mkono. Ikiwa nzito mno, utaiona ikielea hewani kama embe lililotupwa.

Pima hivi: katoni, mita 10, gololi tano za aina moja, na kila mara vuta mpaka ngozi iguse pembe ya mdomo. Matundu matano yakifunikwa na kikombe cha chai, hama nenda mita 20. Yakitawanyika juu na chini, gololi hazifanani au mvuto wako unabadilika. Yakitawanyika kushoto na kulia, mkanda mmoja ni mrefu au mwembamba kuliko mwenzake. Badilisha kitu kimoja tu, kisha piga tano nyingine.

Kila asubuhi vuta mikanda taratibu na utazame karibu na fundo. Ufa mdogo hapo ukubwa wa ukucha unatosha kukupiga jichoni.