International Gender Champions: ahadi mbili kwa mwaka, na kazi inayobaki mezani kwa mkuu

Mtandao huu wa wakuu wa mashirika wanaojifunga kwa ahadi za usawa wa kijinsia ulizaliwa Geneva mwaka 2015. Walioushika mkono tangu mwanzo ni Michael Møller, aliyekuwa akiongoza ofisi ya Umoja wa Mataifa mjini humo, Pamela Hamamoto, balozi wa Marekani wa wakati huo, na asasi ya Women@TheTable. Sasa una vituo katika miji mingine yenye mashirika ya kimataifa, Nairobi ikiwamo. Masharti yake hayana maneno mengi. Anayejiunga ni mkuu mwenyewe wa shirika, ubalozi au asasi, wala si idara yake. Anaahidi kutoketi tena kwenye jopo la watu wa jinsia moja. Kila mwaka anaandika ahadi mbili zake binafsi zinazoweza kupimwa, kisha anatoa taarifa ya alichotekeleza, na ahadi hizo huwekwa wazi kwenye tovuti ya mtandao.

Tunaupa nyota tatu kati ya tano. Nyota hizo umezipata kwa jambo moja kubwa: unambana mtu mwenye sahihi. Katika shirika la kimataifa, barua ya kuajiri, nyongeza ya mkataba na ruhusa ya safari zote huishia kwa mtu mmoja. Semina za usawa zinazowakusanya maofisa wa chini, huku yeye akifungua kwa hotuba na kuondoka, hazigusi sahihi hiyo. Nyota mbili tumezizuia kwa sababu mtandao hauna meno. Ahadi dhaifu inapokelewa sawa na ahadi nzito.

Tuanze na ahadi ya jopo, maana ndiyo inayojulikana zaidi na ndiyo inayochakachuliwa kirahisi. Ratiba ya mkutano inafika mezani: wazungumzaji wanne, wote wanaume, na mstari wa mwisho unasomeka "Mwendesha mjadala", kisha jina la mwanamke. Kwa herufi, ahadi imetimia. Kwa vitendo, wanaume wanne wamepewa dakika kumi kumi za kueleza utaalamu wao, na mwanamke amepewa kazi ya kuuliza na kutazama saa. Mkuu aliye makini huwahesabu wazungumzaji peke yao. Huomba orodha kamili kabla ya kukubali mwaliko, na ikiwa na kasoro hujibu wiki tatu kabla, si siku mbili, akiambatanisha majina matatu ya wanawake wanaoijua mada. Muda ndio unaoharibu mambo hapa. Mtaalamu anayeitwa dakika za mwisho hana viza wala tiketi, na hajaandaa chochote. Ataunganishwa kwa video inayokatikakatika, kisha watu waseme wanawake hawakuwa tayari. Kosa jingine ni mkuu kumwachia kiti ofisa wake wa kike akasome hotuba iliyoandikwa kwa jina la bosi. Huyo hajapewa nafasi, amepewa karatasi.

Ahadi mbili za binafsi ndiyo sehemu yenye uzito, na hapo ndipo tunamshauri mkuu atumie muda wake. Ahadi ya aina ya "nitaendeleza mazingira rafiki kwa wanawake" haipimiki, haina tarehe, na hakuna wa kumuuliza mtu juu yake Desemba. Linganisha na hii: "Kwa kila nafasi ya P-4 na P-5, sitasaini orodha ya wanaoitwa kwenye usaili ikiwa na wanawake pungufu ya wawili kati ya watano, na kila robo mwaka nitawatangazia wafanyakazi orodha ngapi zimeletwa na ngapi nimezirudisha." P-4 na P-5 ni vyeo vya wataalamu waandamizi katika Umoja wa Mataifa, ambako ngazi ya wataalamu huanzia P-1. Hapa kuna ngazi, idadi, hatua ya kazi, muda na mtu. Tumesema wawili kwa makusudi. Mwanamke akiwa peke yake kwenye orodha, jopo la usaili humwona kama mwakilishi wa wanawake wote badala ya kumwona kama mwombaji.

Kwa nini P-4 na P-5? Kwa sababu ndiko ngazi inakokatika. Katika Umoja wa Mataifa wanawake ni wengi P-1 na P-2, halafu idadi inashuka kadiri cheo kinavyopanda. Kileleni mambo yamesogea: mkakati wa usawa uliozinduliwa na Katibu Mkuu António Guterres Septemba 2017 ulipanga usawa wa idadi katika ngazi zote ifikapo 2028, na Januari 2020 viongozi waandamizi wa kazi ya muda wote walifikia wanawake 90 na wanaume 90. Afrika Mashariki tunao wa kujivunia, Anna Tibaijuka aliyeiongoza UN-Habitat, shirika la makazi la Umoja wa Mataifa, pale Gigiri, Nairobi, na Asha-Rose Migiro aliyekuwa Naibu Katibu Mkuu kuanzia 2007 hadi 2012. Lakini uteuzi wa juu hufanywa na mtu mmoja kwa uamuzi mmoja. Ngazi za kati hujazwa na mamia ya mameneja, kila mmoja na jopo lake la usaili, na huko ahadi isiyotaja hatua ya kazi haifiki.

Ndiyo maana mtandao huu peke yake hautoshi. Uunganishe na UN-SWAP, mpango unaoyawajibisha mashirika ya Umoja wa Mataifa kuhusu usawa wa kijinsia, ulioanza 2012 chini ya uratibu wa UN Women, shirika la umoja huo la wanawake. Toleo la pili la 2018 lilikuwa na vigezo 17, vikiwamo uongozi, utamaduni wa kazi na fedha zinazotengwa. Kigezo kimoja tunakipenda kuliko vyote: mratibu wa jinsia awe wa ngazi ya P-4 au zaidi, awe na hadidu za rejea zilizoandikwa, na atengewe angalau asilimia 20 ya muda wake. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba kazi hiyo anabandikwa ofisa kijana wa kike juu ya majukumu yake mengine, hana bajeti, na mkurugenzi hapokei simu yake. Mkuu akitaka ahadi rahisi ya mwaka wa kwanza, aanzie hapo. Ni barua moja tu.

Ahadi ya pili tungeielekeza kwenye likizo na ratiba. Tangu 1 Januari 2023 Sekretarieti ya Umoja wa Mataifa inatoa wiki 16 za likizo kwa kila mzazi, na wiki 10 zaidi kwa aliyejifungua. Kanuni ni nzuri, ila baba asiyeitumia humwachia mama mzigo wote, na wote ofisini huona nani "amepotea". Mkuu ahesabu wanaume wangapi wamechukua wiki zote 16, na aulize kila meneja nani atashika kazi kipindi hicho. Pasipo mtu wa kushika nafasi, wenzake hubeba mzigo, chuki huanza, na mzazi anayefuata hupunguza likizo yake mwenyewe.

Jambo la mwisho la kuangalia kabla ya kujiunga ni bajeti. Fedha zikipungua na nafasi zikifutwa, kanuni ya aliyekuja mwisho kuondoka kwanza huwapiga zaidi wanawake, kwa kuwa wengi wao wameajiriwa miaka ya karibuni, tena kwa mikataba ya muda mfupi. Mkuu adai jedwali la nafasi zinazofutwa likigawanywa kwa ngazi, aina ya mkataba na jinsia, na alipate wakati orodha bado ni rasimu. Barua zikishatoka, ahadi yake haina tena pa kushika.