Tangazo la Gazeti au Bango: Lipi Lifaalo kwa Mnada wa Mali Iliyokamatwa?

Jijini Nairobi swali hili hurudi kila dalali anapobeba makochi ya mdaiwa kwa amri ya mahakama. Kisheria, gazeti lina nafasi ambayo bango haliwezi kuichukua, kwa kuwa Kanuni za Madalali za mwaka 1997 zinataka mali inayohamishika isipigwe mnada kabla ya siku 7 kupita tangu tangazo la kwanza gazetini, na nakala yenye tarehe ndiyo ushahidi mdaiwa akilalamika kwamba aliharakishwa. Bango hushinda kwa bei. Karatasi na gundi si pesa nyingi, ingawa mvua ya Aprili ikinyesha usiku mmoja tu, saa ya mnada hugeuka doa la wino.

Kuhusu wanunuzi, naona mali yenyewe ndiyo huamua. Lori huvuta wasomaji wa gazeti hata kutoka Nakuru. Friji na cherehani hununuliwa na wapita njia wa soko la Gikomba, ambao kurasa za minada hawazifungui. Mdai mwenye vyombo vya nyumbani aongeze mabango juu ya tangazo la lazima. Mwenye mashine ghali atafute gazeti lenye wasomaji wengi. Mdaiwa naye, ambaye aghalabu ndiye hubebeshwa gharama, azihesabu siku hizo 7 mwenyewe.