Meza ya santuri kuukuu, Soko Kuu la Tabora

Anayetafuta tena santuri yake ya kwanza, ile ya utotoni iliyopigwa mpaka ikaanza kukoroma, aanzie kwenye meza hii iliyo chini ya mwembe. Mzigo karibu wote ni 45, yaani santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, za miaka ya 1970: bendi za Tabora Jazz, Morogoro Jazz na NUTA, pamoja na rumba za Kongo. Nyingi zilitengenezwa Nairobi. 45 ni shilingi 10,000, LP, zile kubwa za nyimbo nyingi, 30,000. Ukichukua tano muuzaji anakupunguzia.

Mzigo ni mzuri, utunzaji ni mbovu. Santuri zimelazwa moja juu ya nyingine, na ikifika saa nane kivuli kinahama, jua linazikunja. Inyanyue usawa wa jicho uitazame ukingo. Kisha iinamishe kwenye mwanga: mkwaruzo usionasa ukucha kwa kawaida hausumbui, unaonasa utarusha sindano. Mifereji, ile mistari inamopita sindano, ikiwa imepauka kuwa ya kijivu, rudisha. Imeliwa na sindano nzito za redigramu (redio zenye gramafoni) za zamani, na hakuna sabuni itakayoirejesha.

Muuzaji ana mashine ya kujaribia, lakini sindano yake ni butu, basi usimwache apige wimbo mzima. Sekunde kumi zinatosha, tena karibu na lebo, maana huko ndani ndiko sauti huanza kuchanika. Jaribu pande zote mbili. Wimbo mrefu ulikatwa nusu kwa nusu, na upande wa pili, wenye chemko (sehemu ya kasi ya kuchezea), mara nyingi ndio uliochakaa zaidi (watu walitaka kucheza, si kusikiliza mashairi).

45 zenye tundu kubwa, milimita 38, zinahitaji kizibo cha katikati. Anacho, shilingi 2,000. Bila hicho santuri haikai sawa na sauti inayumba.

Kuosha: lita moja ya maji ya betri, yale yasiyo na asidi, na matone matatu ya sabuni ya vyombo. Futa kwa kitambaa laini kufuata mifereji, lebo isilowe. Maji ya bomba huacha chumvi. Zile nzito za zamani za 78 (mizunguko 78 kwa dakika) alizozichanganya humo humo usiziguse kwa spiriti, itaziyeyusha. Na zikianguka zinavunjika kama sahani ya udongo.

Nenda asubuhi, na bahasha zako ngumu. Yeye hufungia gazeti.