Intaneti ya nyumbani Dar kwa kompyuta zaidi ya moja: uanze na ipi, ukikosa uende wapi

Nyumba yenye kompyuta moja inaweza kusogea kwa bando la simu. Zikifika tatu, ya mzazi anayefanyia kazi nyumbani, ya mwanafunzi wa chuo na ile ya mezani wanayogombania wadogo, ukijumlisha TV na simu za kila mtu, hesabu inabadilika. Watu hukimbilia kuuliza kasi. Kinachowaumiza kwanza ni GB. Kompyuta hula data hata mwenyewe akiwa amelala: Windows inashusha masasisho, picha zinapandishwa kwenye hifadhi ya mtandaoni, gemu la mtoto linadai GB kadhaa kabla halijafunguka.

Netflix wenyewe wanashauri Mbps 5 (megabiti kwa sekunde, ndicho kipimo cha kasi) kwa picha safi ya 1080p na Mbps 15 kwa ile safi zaidi ya 4K. Mbps 5 zikitumika mfululizo kwa saa moja ni zaidi kidogo ya GB 2. Piga hesabu ya jioni moja ya familia, kisha litazame bando lako la wiki.

Kwa hiyo nimepanga chaguo hizi kwa maswali mawili. La kwanza: unalipia kasi au unalipia GB? La pili: ni kipi hasa kinafika mtaani kwako? Bei sijaweka, kwa sababu vifurushi hubadilishwa kila mara; zichukue kwa mtoa huduma siku unayonunua.

Ya kwanza: faiba, kama nguzo ya karibu inayo

Faiba ni waya wa kioo unaoleta mtandao kwa mwanga. Ikifika kwako, usisumbuke kutafuta kingine. Unalipa kwa mwezi, unapewa kasi fulani, na hakuna GB za kuhesabu. TTCL wana huduma yao ya Faiba Mlangoni Kwako, na zipo kampuni binafsi zenye waya zao, hasa Masaki, Mikocheni, Upanga na maeneo ya namna hiyo. Ukiwa Goba ya ndani, Chanika au Kigamboni mbali na barabara kuu, usiamini bango. Toka nje utazame nguzo: kama kuna kisanduku cheusi kimening'inia na waya mwembamba unaingia kwa jirani, muulize huyo jirani ni wa nani na unakatika mara ngapi. Jibu lake ni la kweli kuliko la huduma kwa wateja.

Kasi gani? Wengi wanauziwa kubwa kuliko mahitaji. Mkutano wa video kwa Zoom hauzidi Mbps 4 kwa mtu mmoja. Wawili wakiwa kwenye mikutano, mmoja anatazama filamu, wengine wako kwenye simu, Mbps 20 zinatosha na chenji inabaki. Zikiwa familia mbili kwenye uwanja mmoja, nenda 40 au 50. Na ukumbuke hizo ni megabiti: Mbps 20 ukizigawa kwa 8 unapata MB 2.5 kwa sekunde, ndiyo namba utakayoiona faili likishuka. Hujaibiwa.

Uliza pia kasi ya kupandisha. Anayetuma video kwa wateja au anayefundisha kwa njia ya mtandao anaihitaji kuliko ya kushusha, na baadhi ya vifurushi huipunguza kimyakimya.

Udhaifu wa faiba Dar uko nje ya nyumba: lori lenye mzigo mrefu linalokokota waya, nguzo inayohamishwa kupisha barabara, mkandarasi wa maji na sururu yake. Fundi akija siku mbili baadaye, una bahati. Ndiyo maana hata mwenye faiba anatakiwa kuwa na laini ya akiba, nitaifikia.

Ya pili: ruta ya 5G au 4G ya kulipia kwa mwezi isiyohesabu GB

Vodacom waliwasha 5G nchini mwaka 2022, Airtel wakafuata 2023, na Yas, ambao hadi Novemba 2024 walikuwa wakiitwa Tigo, nao wamo. Ruta inachomekwa ukutani na inafanya kazi siku hiyohiyo, bila kutoboa ukuta wala kumwomba mwenye nyumba ruhusa. Kwa mpangaji huo ndio ushindi wake mkubwa: ukihama Sinza kwenda Tabata unaibeba mkononi. Ila soma masharti, kuna ruta zinazofungiwa kwenye mnara wa eneo ulilosajili.

Neno la kutafuta kwenye masharti ni kikomo cha matumizi ya haki. "Bila kikomo" nyingi zina kikomo. Ukivuka GB fulani kasi inashushwa hadi mwisho wa mwezi. Uliza kwa namba: nikifika GB ngapi, mnanishusha hadi Mbps ngapi? Muuzaji asiyejua majibu mawili hayo, muombe akuitie anayejua.

Mnara ni wa mtaa mzima. Saa nne asubuhi unapima unapata Mbps 80, saa mbili usiku watu wote wamerudi na TV zinawaka, unapata 9. Kwa hiyo jaribu usiku kabla ya kufunga mkataba. Azima simu ya 5G yenye laini ya mtandao huohuo, simama palepale utakapoweka ruta, pima kati ya saa mbili na saa nne usiku.

Ukishainunua, usiifiche nyuma ya TV. Ipeleke dirishani, juu, upande wa mnara. Ruta nyingi zina ukurasa wa mipangilio unaoonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba hasi iitwayo RSRP: karibu na -80 ni nzuri, ikifika -110 unateseka. Kuisogeza kutoka meza ya sebuleni hadi dirisha la juu kunaweza kukupa tofauti ambayo hakuna kifurushi kitakupa.

Ya tatu: redio ya paani

Kampuni inafunga kisahani kidogo juu ya paa kinachotazama mnara wao, waya unashuka ndani. Inafaa pale faiba haijafika na mnara wa simu umezidiwa. Sharti ni kuonana na mnara. Mwembe wa jirani ukikua au ghorofa likiota katikati, huduma inakufa. Kwa kaya ya kawaida naona bei yake huwa ya kiofisi. Za setilaiti nazo ziweke hapa, ila kwanza hakikisha mtoa huduma ana leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, kabla hujatoa hela kwa mtu wa mtandaoni anayeahidi kukuletea kifaa.

Ya nne: ruta ya 4G au MiFi yenye bando la GB

Hii ni ya kuanzia na ya akiba. MiFi, yaani ruta ndogo ya mfukoni yenye laini ya simu, ina betri, kwa hiyo umeme ukikatika inaendelea. Kama ndiyo pekee unayomudu, ingia kwenye kila kompyuta ya Windows, kwenye mipangilio ya Wi-Fi, uitie alama kwamba muunganisho huu unahesabiwa (metered connection). Sehemu kubwa ya masasisho itasubiri. Usipoitia alama hiyo, washa kile kipengele kinachoruhusu kompyuta za ndani kugawana masasisho: moja ikishusha, nyingine zinachukua kwake badala ya kila moja kwenda kununua kivyake kwa GB zako.

Hotspoti ya simu nimeiacha nje ya orodha. Simu inachemka, betri inachakaa, na mwenye simu akitoka nyumba nzima inabaki gizani.

Ukuta wa tofali za saruji ndio mpinzani wako

Malalamiko mengi ya "mtandao wangu uko chini" Dar hayatoki kwa mtoa huduma. Yanatoka kwenye tofali za inchi sita, nondo za zege na ruta iliyowekwa pembeni kabisa ya nyumba kwa sababu waya uliishia hapo. Kabla hujaongeza kifurushi, chomeka laptopu kwa waya moja kwa moja kwenye ruta upime. Ukipata kasi unayolipia, tatizo ni lako, na pesa ya kifurushi kikubwa ingepotea bure.

Wi-Fi ina masafa mawili. GHz 5 ni ya kasi lakini inachoka ukutani mapema, GHz 2.4 inapenya zaidi ila ni ya polepole na imejaa mitandao ya majirani, hasa kwenye maghorofa. Kompyuta iliyo chumba kimoja na ruta iweke kwenye GHz 5. Printa na vitu vya mbali viache kwenye 2.4.

Kompyuta ya mezani isiyohama ivutie waya. Cat5e inabeba gigabiti moja hadi mita 100, na hakuna nyumba ya kawaida inayovuka hapo. Cat6 si lazima. Kariakoo kuna waya wa alumini uliopakwa shaba unaouzwa kama shaba tupu. Chukua wembe, kwangua uzi mmoja: ndani pakiwa peupe kama sufuria, rudisha. Fundi naye akikufungia vichwa, mwambie aunganishe nyuzi zote nane. Wapo wanaounganisha nne tu, mtandao unawaka vizuri, na hutajua kwamba umejifungia kwenye Mbps 100.

Matundu ya ruta yakiwa yamejaa, swichi (kisanduku cha kuongeza matundu ya waya) ya matundu matano au manane inamaliza kazi. Hakikisha ni ya gigabiti, na ukague ruta yenyewe pia: ruta za bei ya chini nyingi matundu yake ni ya Mbps 100, hata kama boksi linajisifia kasi ya Wi-Fi ya elfu moja na mia mbili.

Kwa vyumba vya mbali, napanga hivi. Bora zaidi ni kuvuta waya hadi katikati ya nyumba na kufunga ruta ya pili. Iweke kwenye hali ya aksesi pointi, yaani isambaze tu mtandao wa ruta kuu, si ruta, vinginevyo utakuwa na mitandao miwili ndani ya nyumba moja na laptopu ya chumbani haitaiona printa ya sebuleni. Inayofuata ni seti ya meshi, ruta mbili au tatu zinazoshirikiana zenyewe. Ni ghali, na nazo hupendeza zaidi zikiunganishwa kwa waya. Ya mwisho ni kile kiekstenda kidogo cha kuchomeka ukutani. Cha aina hiyo mara nyingi kinapunguza kasi, kinaweza kuikata nusu, na watu hukiweka kwenye chumba ambacho mtandao haufiki, wakati kinatakiwa kukaa katikati ya njia, pale ambapo bado unafika vizuri.

Kuchangia na wapangaji wenzako? Inawezekana, lakini ni ugomvi uleule wa mita moja ya umeme ya LUKU kwa vyumba sita. Soma mkataba kama unaruhusu, tengeneza mtandao wa wageni wenye neno la siri lake, na uchague ruta inayoweza kumpimia kila mtu kasi yake.

Umeme na laini ya akiba

Faiba yenyewe haihitaji umeme wa mtaani kwako ili mwanga upite, lakini vifaa vyako viwili vya ndani vinahitaji. Nunua UPS, yaani betri ya akiba, ndogo ya volti 12. Usidanganywe na namba ya mAh kwenye boksi: mAh 10,000 huhesabiwa kwa volti 3.7, sawa na Wh (wati kwa saa) 37, na ukitoa zinazopotea unabaki na 30 hivi. Ruta na kisanduku cha faiba vikila wati 12 kwa pamoja, ni saa mbili na nusu. Linganisha volti iliyoandikwa kwenye adapta zako na matundu ya UPS, maana kuna ruta za volti 9. Na kifaa kile cha kulinda friji umeme ukirudi kwa kishindo, weka na hapa.

Laini ya akiba iwe ya kampuni tofauti na ile kuu, ikae kwenye MiFi na bando dogo. Haitakuokoa na kila kitu. Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipokatika, mitandao mingi nchini ilizorota kwa pamoja. Lakini hilo ni la nadra. La kila siku ni nguzo na transfoma.

Ukinunua ruta ya laini Kariakoo au Makumbusho, nenda na laini zako mbili za kampuni tofauti na uzijaribu zote mbele ya muuzaji. "Inakubali laini zote" ni maneno. Ruta iliyofungiwa itaikataa laini ya pili papo hapo. Laini isajiliwe kwa jina lako, na *106# itakuonyesha zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA.

Fundi akiwa bado mlangoni

Asiondoke hujapima kwa waya. Mwambie aache mzunguko wa waya wa ziada ukutani, na asiukunje kwa pembe kali kwenye kona ya dirisha, kwa sababu nyuzi ni kioo. Muulize ni kichwa kipi cha kijani kinachoingia kwenye kisanduku na uone taa iliyoandikwa LOS ikiwa imezima. Siku ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kutoka nje: piga simu kwao. Usibonyeze kile kitundu cha sindano nyuma ya ruta. Kinafuta mipangilio yote ya mtoa huduma, na hapo utakuwa na matatizo mawili ya kumsubirisha fundi. Mwisho badilisha neno la siri la ukurasa wa mipangilio, maana lile la kiwandani limeandikwa chini ya ruta na kila mgeni anaweza kulisoma.