Stroberi "kama zimechumwa leo"? Mimi nilipata rojo

Nilijiambia nisiandike nikiwa na hasira. Siku zimepita, hasira iko palepale, basi acha niandike tu.

Nilinunua stroberi zilizokaushwa kwa kugandishwa. Nyuma ya pakiti wameandika: mimina maji ya moto, subiri dakika kumi, utapata tunda kama limechumwa leo. Nami kwa utiifu wangu nikamimina pakiti nzima, wageni wakiwa sebuleni. Kufunua bakuli, nakuta rojo la waridi na vipande vinaelea kama sponji iliyochoka. Nikachoma kimoja kwa uma, kikachanika.

Nikawaandikia wauzaji. Wakajibu kwamba wateja wengine hawajalalamika, "huenda hukusoma maelekezo." Mimi! Niliyeyasoma mara mbili, miwani puani! Hiyo "huenda" yao iliniuma kuliko stroberi zenyewe.

Wangesema ukweli ningewaelewa. Tunda likigandishwa, chembe za barafu hupasua kuta za seli zake. Kisha hewa huondolewa, na barafu ile hugeuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji kwanza. Linalobaki ni umbo lenye vitundu tele. Ukilirudishia maji yanaingia mbio, lakini kuta zilizopasuka hazijijengi upya. Kwa hiyo "kama limechumwa leo" ni uongo, hata ungeloweka kwa dua.

Pakiti ya pili (ndiyo, nilinunua mbili, msinicheke) niliifungua kwa kisirani. Safari hii maji baridi, vijiko viwili tu kwa konzi moja ya vipande, nikigeuza taratibu na kuongeza kidogo kidogo. Dakika tano hivi. Bado zilikuwa laini, ila zilishika umbo. Na ladha, hapa sina budi kukiri, ilikuwa nzito mno, utamu na uchachu vyote vimo. Maji yaliyobaki chini sikuyamwaga, maana rangi na sukari vilihamia humo. Niliyachemsha pamoja na vipande vilivyovunjika, nikapata jemu ambayo siibadilishi na ya dukani.

Keki nayo ilinipa somo. Nilitia vipande vikavu, vikanyonya maji ya mchanganyiko na keki ikatoka kavu kama chaki. Mara ya pili nikaongeza maziwa kidogo, ikaliwa yote kabla haijapoa. Zile ulizokwisha kuloweka usiziache mezani kutwa, weka kwenye friji kama tunda lolote lililokatwa.

Nilikuwa nimeshaandika nyota nne hapa. Kisha nikafungua tena barua pepe yao ili ninukuu sawasawa, nikaikuta ile "huenda." Nyota mbili. Moja ni ya jemu, nyingine ya keki. Pakiti ya tatu nimeagiza kwa muuzaji mwingine.