Uzoefu Wangu: Propela ya Inchi 11 kwa Boti ya Mizigo Ziwa Nyasa

Boti yangu ya fibaglasi hubeba abiria na mizigo kati ya Matema na vijiji vya mwambao, na mzigo wake mzito kuliko yote ni vyungu vya Wakisi vinavyotoka Ikombe kwenda soko la Lyulilo. Injini yake ya farasi 40 niliinunua ikiwa imetumika pwani, nayo ilikuja na propela ya alumini ya inchi 13, yaani propela ambayo ingesonga mbele inchi 13 kwa kila mzunguko kama maji yangekuwa magumu kama ubao unaoingiwa na skurubu.

Boti ikiwa tupu ilikimbia vizuri. Ikipakiwa, ilinyanyua pua na kuburura tezi, yaani sehemu yake ya nyuma, majini, huku injini ikinguruma kwa shida na kutoa moshi mwingi. Fundi mmoja alinibadilishia plagi, kisha akafungua kabureta, na fedha zangu zikaenda bila nafuu yoyote. Ukweli ulionekana nilipofunga kipimo cha mizunguko: mwongozo wa injini hii unataka mizunguko 4,500 hadi 5,500 kwa dakika mkono wa mafuta ukifunguliwa wote, lakini mimi nikiwa na mzigo sikuvuka 4,100. Injini inayolazimishwa hivyo hupata joto kupita kiasi na pistoni zake huumia, jambo ambalo natamani kila nahodha wa ziwa hili alijue kabla hajalaumu mafuta. Tena ziwa letu liko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ni nyepesi kidogo na injini hupungukiwa na sehemu ya nguvu iliyokuwa nayo pwani.

Kila inchi moja inayopunguzwa huongeza mizunguko kati ya 150 na 200, hivyo nilinunua propela ya inchi 11, ya alumini na yenye mapanga matatu. Sasa nikiwa nimepakia napata mizunguko 4,500 na kidogo, boti hupanda juu ya maji mapema, na hata upepo wa mwera unapovuma haichoki kama zamani. Nikiwa mtupu hufika 5,300, ambayo bado ni salama, ingawa mwendo wa juu kabisa umepungua na abiria wenye haraka wameliona hilo.

Nilishauriwa kununua ya chuma cha pua kwa sababu haipindi upesi. Nilikataa, kwa kuwa chini ya milima ya Livingstone miamba iko karibu na ufuko, na ni heri panga la alumini lipinde kuliko gia kuvunjika. Wakati wa kuifunga nilipaka grisi kwenye shafti, na kila mwezi huifungua kutazama kama uzi wa nyavu umejizungusha nyuma yake, kwani uzi huo hukata sili, yaani mpira unaozuia maji, na kuingiza maji kwenye oili ya gia.

Ile ya inchi 13 sijaiuza. Imekaa chini ya benchi pamoja na pini na nati ya akiba, tayari kwa siku ambayo ya sasa itagonga mwamba.